Moyo wa Kima Ulitoka Wapi?

Hapana shaka wengi wenu mmepata kusikia hadithi ya kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu kando ya bahari, akila matunda na kumtupia papa, nao wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika kilindini akamwambia kweli: Sultani wa papa yu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu, laiti angaliambiwa mapema angaliuchukua, maana kima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa akamrudisha pwani upesi. Kima akapanda juu, asishuke tena.

Hadithi hii nilisimuliwa na bibi yangu kule Pangani. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mkuyu huo ulikuwa karibu na kwetu. Muhula uliopita mwenzangu mmoja bwenini alinicheka, akasema, "Hiyo ni ya Wahindi. Ninyi watu wa pwani hamna chenu, kila kitu mmeazima." Niliona uchungu, lakini sikuwa na la kumjibu. Basi nikaenda maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwenzangu alisema nusu ya kweli. Hadithi hii imo katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti kilichotungwa India zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Humo rafiki wa kima ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa alikitia kitabu hicho katika Kiarabu, kikaitwa Kalila wa Dimna. Humo mamba amekuwa kobe, na mti ni mtini. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza, Edward Steere, alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja. Humo ndimo tunamokuta papa na mkuyu wetu. Hata hadithi ya punda wa dobi, ambayo kima humsimulia papa, imebadilika vivyo hivyo: kule India mwenye kumdanganya punda mpaka akaliwa na simba ni mbweha, lakini Unguja kazi hiyo amepewa Sungura.

Liko badiliko jingine kubwa zaidi. Kwa Wahindi na kwa Waarabu, anayeutaka moyo wa kima ni mke wa yule rafiki, kwa sababu ya wivu. Ni ugomvi wa nyumbani. Katika hadithi ya Unguja anayeutaka ni Sultani. Mimi naona badiliko hili lina maana. Wasimulizi wa Unguja wakati ule walikuwa raia wa Sultani. Bila shaka walijua jinsi mtu awezavyo kumtoa rafiki yake kwa kuwa mkubwa amemtuma. Papa hakumchukia kima; alitumwa tu. Hofu hiyo haikuja na jahazi kutoka India. Ilikuwa ya watu wenyewe, nao wakaitia katika hadithi.

Muziki nao una habari kama hiyo. Taarab ililetwa Unguja kutoka Misri zama za Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la mfalme. Baadaye Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyekuwa akiuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili, akaimba mambo ya mitaani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Leo nani atasema kwamba taarab si yetu?

Hapa yanipasa kukiri kosa langu. Mimi pia nimewacheka wenzangu wapendao Bongo Flava, nikisema ni kuiga Marekani tu. Kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walichukua rap za Kimarekani wakazitia maneno ya Kiswahili. Lakini baadaye wakaimba shida za ajira, ukimwi, na maisha ya mjini. Nilikuwa nawapimia wenzangu kwa kipimo kilekile kilichoniuma mimi.

Likizo nilimweleza bibi habari zote hizi. Nilidhani atakasirika. Aliniuliza tu, "Huyo mamba wao anakaa wapi?" Nikamjibu, "Wengine husimulia kwamba mtoni, bibi." Akasema, "Haya, sisi tuna bahari." Kisha akaanza kuisimulia upya. Mdogo wangu alikuwa kando akitazama katuni katika simu, wala hakuinua kichwa mpaka kima alipofika kilindini.

Kwa hiyo, ndugu zangu wanafunzi, msikiapo wimbo au hadithi, jiulizeni maswali matatu. Imetoka wapi? Wenyeji wamebadili nini? Badiliko hilo latueleza nini juu ya maisha yao? Kuazima si aibu. Ila hadithi ya bibi isiposikilizwa na mtu, haitapata wa kuibadili, na itaishia kwake. Mfungapo shule, kabla ya kushika simu, mwombeni mzee mmoja hadithi moja, mje nayo muhula ujao tuilinganishe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne