SOMO: KOVU NDANI YA KONGOSHO

Ukijikata kwa panga, kidonda kinafunga na mahali pake panabaki kovu. Kovu ni kitu chema, maana linafunga mwili uliopasuka. Lakini ukikwaruza kidonda kile kila siku, kovu linazidi kuwa kubwa na gumu. Leo tutajifunza namna kovu linavyoweza kujaa ndani ya mwili, mahali ambapo jicho halifiki.

1. Kongosho ni nini?

Nyuma ya mfuko wa chakula, kuelekea mgongo, kuna kiungo laini chenye urefu wa sentimetre 15 hivi. Jina lake ni kongosho. Lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza maji ya kuyeyusha chakula, zaidi ya litre moja kila siku. Maji hayo yanapita katika mfereji mwembamba mpaka matumbo, na huko yanayeyusha nyama, mafuta na bugali. Kazi ya pili ni kutoa insulini, inayotawala sukari katika damu.

2. Seli za nyota

Mwili wote umejengwa kwa vipande vidogo sana vinavyoitwa seli. Huwezi kuziona ila kwa mikroskopi. Katika kongosho, seli nyingi zinatengeneza yale maji. Katikati yao kuna nyingine chache, karibu 4 katika kila 100, zenye mikono myembamba pande zote kama nyota. Kwa hiyo zinaitwa seli za nyota. Wenye elimu waliziona katika kongosho la panya mwaka 1982. Mwaka 1998 makundi mawili, moja la Australia na moja la Ujerumani, yalifaulu kuzitenga na kuzikuza katika chupa. Tangu hapo kazi yao ilianza kujulikana vizuri.

Wakati kongosho lina afya, seli hizi zinatulia. Ndani yao zinaweka akiba ya vitamini A katika matone ya mafuta. Zinafanana na fundi anayepumzika kando ya nyumba, akingoja kazi.

3. Sababu gani zinaamka?

Pombe ikiingia mwilini inageuka kuwa sumu nyingine, na sumu hiyo inaumiza kongosho. Moshi wa tumbako unaongeza hatari. Kongosho likiumizwa, seli za nyota zinaamka. Zinapoteza akiba yao ya vitamini A, zinaongezeka hesabu, na zinaanza kusuka nyuzi ngumu. Nyuzi hizi ndizo kovu.

Fikiri nyumba ya udongo. Mvua ikitoboa ukuta, fundi anakandika udongo na tundu linafungwa. Kisha anapumzika. Lakini kama mtu anapiga ukuta kila siku, fundi anakandika kila siku, mpaka udongo unafunga madirisha na mlango. Nyumba ni nzima kwa nje, lakini hakuna anayeweza kukaa ndani. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtu anayekunywa lotoko au kanyanga siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Fundi si mbaya. Ubaya ni kipigo kisichokoma.

4. Alama za ugonjwa

Mgonjwa anasikia maumivu makali juu ya kitovu, yanayopita mpaka mgongoni. Mara nyingi yanazidi akiisha kula au kunywa pombe. Kovu likiisha kula sehemu kubwa ya kongosho, chakula hakiyeyuki vizuri: choo kinakuwa na mafuta, kinanuka sana, na mtu anakonda hata akila. Mwishoni insulini inapunguka, na ugonjwa wa sukari unaingia: kiu nyingi na mkojo mwingi.

5. Kovu na kansere

Mtu mwenye kongosho la kovu ana hatari ya kansere kupita wengine. Katika kansere ya kongosho, seli za nyota zinajenga kovu kubwa kuizunguka, hata dawa inapata shida kupenya. Basi waganga walifikiri: tuondoe kovu. Lakini mwaka 2014 majaribio kwa panya yalionyesha kwamba kovu likiharibiwa, mara nyingine kansere inazidi ukali. Maana yake, seli hizi zinasaidia kansere, tena zinaizuia. Kwa hiyo kazi sasa ni kutafuta namna ya kuzituliza, si kuziua zote.

Usifikiri kwamba kumeza vidonge vingi vya vitamini A kutaondoa kovu. Vikizidi vinaumiza maini. Kula mawese na majani mabichi kama chakula chema tu.

6. Usimhukumu mgonjwa

Si kila mwenye ugonjwa huu ni mlevi. Katika inchi za joto kuna vijana wanaoupata bila kuonja pombe hata siku moja. Wengine wanaurizi kwa wazazi. Ukisema, «Huyu amejitakia,» labda unamwonea. Hata yule aliyekunywa, msaidie aache, kicheko hakiponyi.

7. Ufanye nini?

Njoo kwa munganga upesi ukiwa na maumivu ya namna hii, hasa ukitapika, au macho yakigeuka manjano. Acha pombe na tumbako kabisa. Lakini kama umezoea kunywa sana kila siku, mwambie munganga kwanza, maana kuacha kwa ghafula kunaweza kuleta kutetemeka na kifafa. Kuna dawa ya maumivu, dawa ya kusaidia kuyeyusha chakula, na insulini kwa wenye kuihitaji.

Je, umechelewa? Katika panya waliopewa pombe, kovu lilipunguka pombe ilipoondolewa. Kwa mtu, kovu la zamani haliondoki lote. Lakini anayeacha leo anaokoa sehemu iliyobaki.

MAULIZO
1. Kongosho lina kazi gani mbili?
2. Seli za nyota zinafanya nini wakati zinatulia? Na zikiamka?
3. Sababu gani tusimhukumu mwenye ugonjwa huu?
4. Mtu aliyezoea kunywa sana afanye nini mbele ya kuacha?