Picha Zako ni Mawe ya Yordani

Somo: Yoshua 4:1–9, 19–24
Pia soma: Luka 2:19, Mathayo 6:21

Wengi wetu hatujiiti wapiga picha, lakini simu zetu zimejaa picha. Harusi, mahafali, mahindi yakichanua shambani, risiti ya karo, mtoto amelala kochini. Siku moja simu inasema memori imejaa, basi tunaanza kufuta. Tunafuta haraka haraka bila kujiuliza: hii niliipiga kwa nini? Wiki hii hebu tuulize swali hilo mbele za Mungu.

Waisraeli walivuka Yordani wakati wa mavuno, mto ukiwa umefurika. Maji yaliposimama, Mungu aliagiza wachaguliwe watu 12, mmoja kutoka kila kabila, kila mmoja abebe jiwe begani. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Tuangalie mambo matatu.

1. Mawe yalikuwa 12 tu

Mto ule haukukosa mawe. Walichukua machache, kwa sababu. Mwenye duka anajua kuhesabu stoo: unaangalia kilichoko kwenye rafu, si kile unachodhani kiko. Fanya hivyo na picha zako za mwaka mmoja. Ni nini kinachojirudia? Kama picha 300 ni za uso wako na tatu tu ni za mzazi wako, hiyo ni hesabu. Kama kila mara unapiga anga baada ya mvua, au mikono ya watu wakifanya kazi, hiyo pia ni hesabu. Yesu alifundisha kwamba moyo wa mtu uko pale hazina yake ilipo. Kamera nayo hufuata jicho, na jicho hufuata moyo.

Usiogope hesabu hii. Pengine itakukemea kidogo. Pengine utagundua kuna jambo Mungu amekuwa akikuonyesha muda mrefu, na wewe ulidhani unapiga picha tu.

2. Yalitoka katikati ya mto

Mawe hayakuokotwa ng'ambo, mahali pakavu pa kupumzikia. Yalitolewa pale miguu ya makuhani iliposimama, katikati ya hatari. Sisi tunapenda picha za ng'ambo: keki, gauni, gari jipya. Lakini ile picha ya chumba kimoja cha mabati mlikoanzia maisha, au meza ya mboga kabla duka halijafunguliwa, au mkono wa mama kwenye kitanda cha hospitali, hizo ndizo za katikati ya mto. Usizifute ati kwa sababu hazipendezi. Ushuhuda wako umekaa humo.

Ila hekima inahitajika. Si kila picha ni ya kuweka status. Picha ya mgonjwa ina mwenyewe, muombe ruhusa. Na kama picha ya mpendwa aliyelala bado inakuumiza, hakuna anayekulazimisha kuitazama leo, wala kuifuta. Itunze. Siku ikifika, itazame ukiwa na mtu wa kuomba pamoja nawe.

3. Jiwe halijisemei

Mtoto angepita Gilgali aone mawe tu. Ilibidi mzazi afungue mdomo. Mmeona tunapopanga mazishi: familia inatafuta picha ya mama ya kuweka kwenye kijitabu cha ibada, na inayopatikana imekatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine. Kwa nini? Kila sherehe mama alikuwa jikoni, au yeye ndiye aliyeshika simu. Na hata picha ikipatikana, swali linabaki: hapa ilikuwa wapi? Huyu mtoto amembeba ni nani? Aliyejua ndiye tunayemzika.

Wapendwa, hiyo ni hasara ambayo tunaweza kuizuia tukiwa bado hai. Mariamu hakuwa na kamera, lakini aliyaweka mambo moyoni na kuyatafakari. Kupiga picha huchukua sekunde moja. Kutafakari kunahitaji ukae chini.

Zoezi la wiki hii

Chagua picha 12 kati ya zote ulizopiga mwenyewe. Angalau tatu ziwe za katikati ya mto. Kwa kila moja andika mistari miwili: ni wapi na ni akina nani, kisha, Mungu alitenda nini hapo. Chapisha hata moja tu, uandike nyuma yake kwa kalamu. Halafu nenda kwa wazazi au wazee wako, uwaulize juu ya ile picha ya zamani iliyo ukutani, usikilize mpaka wamalize.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni picha gani moja ambayo hutaifuta kamwe, na kwa nini?
2. Watoto wako wanajua hadithi yake?
3. Ni nani katika familia yenu ambaye haonekani kwenye picha?

Tuombe: Bwana, tufungue macho tuone mahali ulipopita nasi. Tusiwe watu wa kuhifadhi picha na kusahau wema wako. Tupe maneno ya kuwaambia watoto wetu, na tuyaseme tungali na pumzi. Katika jina la Yesu, amina.