Chamchela: Wakati Wake na Mahali Pake

Siku za mwisho wa jilaal, katika darsa yetu ya baada ya alasiri, alisimama mzee mmoja mfugaji akauliza: "Maalim, ule mnara wa vumbi uzungukao uwandani, ni jini apitaye njia yake, au ni upepo tu?" Vijana wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Adeer, umeuliza lililo kubwa," nikaahidi kulieleza kwa kalamu ili waliokuwa mbali nao wapate kulisoma.

Sababu ya kuliona kubwa ni hii. Katika bulla moja, mwanzoni mwa mvua za gu, upepo uling'oa paa la duksi watoto wakiwa ndani na mbao zao za kuandikia, na wawili wakakatwa na mabati. Wenyeji wakasema ni chamchela, na chamchela ni jini. Wakamlipa mtu akawaandikia azima, wakaitundika juu ya mlango, kisha mabati yale yale wakayarudisha kwa misumari ile ile ya kale. Mvua za deyr zilipoanza, paa likaruka mara ya pili. Walikosea mara mbili: walidhani upepo ule ni chamchela, na walidhani chamchela ni jini.

Lugha yenyewe yatutatiza, kwani pepo ni wingi wa upepo, na pepo ni shetani vile vile. Watu wa pwani huiita pia kinyamkera, na hilo kwao ni jina la pepo mbaya. Waarabu waliiita zaubaa, jina ambalo walimpa mmoja katika wakubwa wa majini. Nami nilipokuwa mtoto nilifundishwa kuitupia kiatu. Nilikitupa, kikachukuliwa, nikarudi nyumbani mguu mmoja nikachapwa. Hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini upepo nao umetajwa humo, na hata upepo wa kuzunguka, iisari, umo katika Suratul Baqara, wala haukuitwa jini. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuulaani upepo, akatufundisha kumwomba Mola kheri yake na kujikinga kwake na shari yake.

Ama chamchela yetu, itazameni vizuri mtaona kwamba ina saa zake. Haionekani alfajiri wala usiku. Huanza kiasi cha saa nne asubuhi, huzidi baina ya saa sita na saa tisa mchana, na jua likiinama nayo hutoweka. Ina majira yake pia. Aghlabu ni siku za ukavu, khasa Februari na Machi kabla ya gu, wakati joto la Garissa hufika nyuzi 36 na zaidi kivulini, na ardhi tupu yenyewe yaweza kupita nyuzi 50. Na ina mahali pake: uwanda mtupu, mkavu, ulio sawasawa. Chini ya miti ya ukingo wa Tana ni nadra kuiona, bali hupatikana nje ya mji, katika mbuga za kuelekea Modogashe, na pembezoni mwa makambi ya Dadaab yaliyoanza mwaka 1991, ambako miti mingi imekatwa kwa kuni. Jini gani huyu aogopaye kivuli cha mti?

Maelezo yake ni haya. Jua huichoma ardhi, ardhi huipasha moto hewa iliyoigusa, na hewa ya moto huwa nyepesi ikapanda. Hewa ya pembeni hukimbilia kujaza pengo, na ikiwa imekuja na mzunguko hata mdogo, mzunguko huo huzidi kasi kila inapokaribia kati. Mfungie mtoto jiwe kwenye uzi, alizungushe mpaka uzi ujikunje kidoleni: uzi ukipungua, jiwe huenda mbio zaidi. Ndiyo sababu chamchela huzuka bila wingu lolote juu yake. Hutoka chini kwenda juu, na nyingi hazidumu ila dakika chache. Huangusha turubai na kuingiza mchanga machoni, lakini mara chache huua.

Iko nyingine iitwayo tonado, nayo si dada wa hii ingawa zafanana kwa sura. Tonado hushuka kutoka kwenye wingu kubwa la radi, na kali kuliko zote upepo wake waweza kupita kilomita 400 kwa saa. Nayo ina nchi yake na miezi yake. Marekani hupata kiasi cha 1,200 kila mwaka, nyingi Aprili mpaka Juni, na aghlabu baina ya saa kumi alasiri na saa tatu usiku. Katika mbuga za huko, hewa ya unyevu itokayo Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu na baridi ya magharibi na kaskazini, na upepo wa juu hutofautiana sana na wa chini kwa kasi na kwa upande. Tofauti hiyo ndiyo huizungusha dhoruba nzima. Ndugu zetu wa Bangladesh nao wameionja: tarehe 26 Aprili 1989 tonado ilipita Daulatpur na Saturia, ikaua watu wapatao 1,300. Kwetu, karibu na Ikweta, hewa haitofautiani hivyo baina ya pande mbili, na kwa hiyo tonado ni jambo adimu, ingawa katika Ziwa Victoria wavuvi huona minara ya maji ishukayo mawinguni.

Na kimbunga cha bahari ni kitu cha tatu. Hicho huzaliwa baharini, na karibu na Ikweta hakizaliwi. Kilipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu kwa wingi, kikapiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, na kile kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Garissa si njia yake.

Basi ni upepo gani uliong'oa lile paa? Huu ndio nataka mzee yule na wenzake waufahamu, kwani ndio ulio khatari kwetu. Mwanzo wa gu na mwanzo wa deyr, hewa ya chini ingali kavu. Mvua ikianza kushuka kutoka wingu la radi, nyingi hukauka njiani kabla ya kufika, na kukauka huko huipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito; huanguka kwa nguvu, na ikigonga ardhi hutawanyika kila upande kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Hauzunguki. Huja moja kwa moja, mbele ya mvua, aghlabu alasiri au jioni, na dalili zake ni ukuta wa vumbi chini ya wingu jeusi, na baridi ya ghafla baada ya joto. Ukihisi baridi hiyo, una dakika chache tu.

Upepo huo huingia chini ya mabati kwa mlango ulio wazi na kuyasukuma kutoka ndani. Aqal za mama zetu hupepesuka zikasimama, kwa kuwa matao yake hupinda na mikeka yake imekazwa kwa kamba. Paa la mabati halipindi, hung'oka. Kwa hiyo misumari iwe ile ya kichwa kipana, na boriti zifungwe kwa waya mpaka kwenye nguzo, na nguzo zichimbiwe chini barabara. Vumbi likionekana, mlango wa upande wa upepo ufungwe na watoto wakae chini karibu na ukuta, wala wasikimbilie chini ya mti, kwani matawi huvunjika na radi hufuata. Mzee aliniuliza gharama. Nikamwambia misumari na waya wa duksi moja havifiki bei ya ile azima.