NYUMBA INAYOPUMUA

Kuuliza si ujinga, na makala haya yalizaliwa na swali moja tu.

Mwezi wa Julai baridi ilituuma kweli kweli hapa bwenini. Tukakata shauri kufunga madirisha yote, na mianya ya juu ya mlango tukaijaza magazeti makuukuu. Usiku huo tulilala unono. Asubuhi kumbe! Vichwa vinauma, vioo vinatiririka maji, na harufu nzito ajabu. Mwalimu wetu wa Fizikia alipoingia alifungua dirisha, akasema, "Mmeweka joto, lakini hewa mmeitupa." Nikamwuliza, "Sasa mwalimu, wale wa nchi za theluji hufanyaje?" Akacheka, akanituma maktabani. Haya ndiyo niliyoyapata.

SHIDA YENYEWE

Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla ulimwenguni, na kupasha nyumba joto kukawa ghali mno. Wajenzi katika nchi za baridi wakaanza kuziba kila ufa na kuzijaza kuta vitu vya kuzuia joto lisitoke. Joto lilibaki ndani, ndiyo, lakini pumzi chafu na unyevu navyo vilibaki. Familia inayopika, kuoga na kulala humo hutoa lita kadhaa za maji kila siku kwa njia ya mvuke. Mvuke huo ukigusa ukuta baridi hugeuka kuwa maji, na palipo na maji ukungu huota. Ukifungua dirisha, joto ulilolilipia pesa latoka mbio. Ukilifunga, wavuta uchafu. Ufanyeje?

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Dawa yake ni mtambo wenye feni mbili. Feni ya kwanza huvuta hewa chafu kutoka jikoni, bafuni na chooni. Ya pili huleta hewa safi kutoka nje, ikapita kwenye chujio na kuingia sebuleni na vyumba vya kulala. Hewa hizi mbili hukutana ndani ya sanduku lenye sahani nyingi nyembamba za plastiki au alumini, zilizopangwa kama kurasa za kitabu. Hazichanganyiki. Ni joto tu linalovuka sahani, kutoka upande wenye moto kwenda upande wa baridi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme ndani ni nyuzi 20 za Selsiasi na nje ni 0, na hewa zote mbili ni kiasi kimoja. Zikienda upande mmoja, kama watu wanaofuatana kwenda sokoni, zitalingana kwenye nyuzi 10, basi. Umeokoa nusu tu. Lakini zikipishana, moja ikienda na nyingine ikija, hewa safi kila inaposonga mbele hukutana na hewa yenye joto zaidi. Mtambo mzuri huokoa asilimia 80 au hata zaidi, yaani hewa safi huingia ikiwa na nyuzi 16 bila kuwasha moto wowote! Mnakumbuka somo la Biolojia? Ndivyo damu na maji vinavyopishana katika mashavu ya samaki, ili apate oksijeni nyingi.

WALIOTHUBUTU

Mnamo 1977 watafiti wa Kanada walijenga nyumba ya majaribio mjini Regina, isiyopitisha hewa ovyo na yenye mtambo wa namna hii. Baadaye mwanafizikia Mjerumani, Wolfgang Feist, alishauriana na Profesa Bo Adamson wa Uswidi, na nyumba nne zilizoshikana zikajengwa Darmstadt. Familia zilihamia humo mwaka wa 1991. Kuta ni nene, madirisha yana vioo vitatu vitatu, na joto linalohitajika ni kidogo sana likilinganishwa na la nyumba za kawaida. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, lakini hawa walitaka joto na hewa safi, wakavipata vyote viwili.

Hata hivyo, mtambo una masharti. Unakula umeme, chujio lazima libadilishwe, na maji yanayodondoka ndani ya sanduku lazima yapate bomba la kutokea. Ukiachwa bila kutunzwa, hewa inakuwa mbaya tena.

FUNZO KWETU

Je, tununue mtambo huo? La hasha! Baridi yetu si ya theluji. Blanketi la pili na dirisha lililofunguliwa kidogo vyatosha. Lakini kanuni ni ile ile: anayeziba nyumba sharti aonyeshe hewa itapitia wapi. Wako watu wa sehemu za milimani ambao huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na kulala. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, ambayo huishika damu ikashindwa kubeba oksijeni. Wengine hawaamki. Tena hata mtambo wa Darmstadt haukutengenezwa kwa ajili ya jiko kama hilo.

Basi wanachama wenzangu, mkifunga shule na kurudi nyumbani, mkaone wadogo zenu wanalala wapi. Jiko likiwa ndani, litoeni nje kabla ya kulala. Na hapa bwenini, yale magazeti ya mlangoni nimeyatoa mimi mwenyewe. Atakayeona baridi na aniazime soksi zake nimwonyeshe zinavyovaliwa mbili mbili!