Taa za kamio: tuziangalie kabla ya kupakia



Tumezoea kuwaletea masomo ya mbegu, magonjwa ya mihogo na kukausha maharagwe. Safari hii tunazungumza juu ya ampule. Mavuno ya wanachama wengi hupanda kamio moja. Kamio hiyo ikigongana usiku, watu wanaumia, na kazi ya msimu mzima inamwagika barabarani.

Safari ya usiku tusiitafute. Lakini kamio inayotoka Mahagi asubuhi kuja Bunia, tope au pancha moja inatosha, giza linaikuta njiani.

Taa gani inaua zaidi?

Kongo tunaendesha mkono wa kuume. Kwa hiyo taa ya mbele ya kushoto ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara. Ikifa, anayekuja mbele yetu anaona taa moja tu pembeni, anafikiri ni pikipiki. Anapita karibu, kumbe pale gizani kuna pembe ya kamio. Shofere akisema, "Moja iko inawaka, tutafika tu," tumwambie: hatupakii mpaka ya pili iwake.

Kununua

Tuende sokoni na ampule iliyokufa mkononi. Tusome maandishi yaliyo kwenye kitako chake. Magari madogo hutumia volti 12, kamio kubwa nyingi volti 24. Ampule ya volti 12 ukiiweka kwenye volti 24 inaungua mara moja. Ya volti 24 kwenye volti 12 inawaka hafifu tu. Wati nazo zilingane na zile za zamani. Kubwa zaidi inaweza kuyeyusha kitako na waya.

Kubadilisha

1. Zima taa na mashine, toa ufunguo. Ngoja ampule ipoe, maana inachoma.
2. Taa ya nyuma: fungua skurubu za kioo chake. Sukuma ampule ndani kidogo, izungushe kushoto, itatoka.
3. Ampule ya nyuma yenye nyuzi mbili, moja ya usiku na moja ya breki, ina vipini viwili visivyo sawa kwa kimo. Inaingia kwa upande mmoja tu. Ikikataa, igeuze, usiilazimishe.
4. Taa ya mbele: usishike kioo cha ampule mpya kwa vidole. Mafuta ya mkono yanaiunguza mapema. Shika kitako, au tumia kitambaa safi.
5. Kukiwa na kutu, sugua taratibu kwa msasa. Rudisha mpira wa kuzuia maji na vumbi.
6. Taa ya ndani: ampule ndogo inabanwa na vyuma viwili. Ivute polepole. Baada ya kazi izime. Ya wati 10 ikilala inawaka siku mbili, inamaliza zaidi ya nusu ya batri ya volti 12 yenye ampea-saa 70.

Ikiwa bado haiwaki

Angalia fizibo. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ileile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara. Fizibo inakatika ili waya zisiungue. Ukiinyima kazi yake, moto unaweza kuanzia chini ya mizigo. Ikikatika tena, waya umegusa chuma mahali fulani: mwite fundi.

Zoezi la mkutano ujao

Mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame nyuma, kisha mbele. Jaribuni taa zote: usiku, breki, kukata kona kushoto na kuume. Andikeni katika daftari la kamio tarehe na taa iliyobadilishwa. Halafu mkubaliane mambo mawili: nani anakagua kabla ya kupakia, na pesa ya ampule mbili za akiba inatoka sanduku gani. Ampule hizo zilale ndani ya kamio, zisikae depo. Taa haingoji kufika Bunia ndipo ife.