SOMO LA VIJANA: UPENDO UNAOJIANDAA



Kijana mwenzangu, leo tunatafakari juu ya watu wanaojitolea kuokoa wenzao majini na milimani. Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome Mk 2:1-12. Swali letu ni moja tu: je, moyo mwema peke yake unatosha?

1. Moyo unaoitika

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Hakuna aliyewaajiri kwa kazi hiyo. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Akajaribu pia kuwafikia marubani, lakini kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazindukia hospitalini. Watu 24 walipona, 19 wakafariki.

Huyo ndiye jirani wa Injili ya Msamaria Mwema (Lk 10:25-37). Hakuuliza waliomo ndani ni dini gani au kabila gani. Wengine wetu pale tungetoa simu kwanza turekodi, si ndiyo?

Lakini angalia kilichofuata. Kijana yule alichukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Moyo alikuwa nao tayari. Sasa akapata nafasi ya kujifunza kazi yenyewe.

2. Moyo unaohitaji akili

Sisi wa Nyakato hatuko mbali na Igoma. Pale wamelala wengi waliokufa katika ajali ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilipinduka ikija Mwanza, na kwa muda ikabaki inaelea, tumbo juu. Ndani kulikuwa na watu hai. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyoishikilia meli isizame, ikatoka. Meli ikaenda chini.

Tusiwahukumu. Walitaka kuokoa, na muda ulikuwa unakwisha. Ila makaburi yale yanatufundisha jambo zito: upendo ukikosa maarifa unaweza kumuumiza yule yule unayempenda. Ndiyo maana Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara huongoza fadhila nyingine zote za kiutu. Ushujaa usioongozwa na busara si fadhila bado.

3. Kanisa na kazi ya uokoaji

Kazi hii si ngeni kwa Kanisa. Karne ya 11, Mtakatifu Bernardo wa Menthon alianzisha nyumba ya wageni kwenye njia ya mlimani katika Alpi, karibu mita 2,470 juu ya usawa wa bahari. Kwa karne nyingi watawa wa pale walitoka kwenye theluji kuwatafuta wasafiri waliopotea, baadaye wakisaidiwa na mbwa maarufu wanaobeba jina lake. Hawakusubiri mtu apotee ndipo waanze kutafuta taa na kamba. Walijua njia, walijua hali ya hewa, na walikwenda pamoja. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima, alimtangaza Bernardo kuwa msimamizi wa wakazi wa Alpi na wapanda milima.

Sasa rudi kwenye Mk 2. Mgonjwa alibebwa na watu wanne. Mmoja angeachia upande wake, mgonjwa angeanguka. Na walipokuta mlango umejaa watu, walitafuta njia ya darini. Yesu aliiona imani yao. Imani iliyokuwa na mpango.

4. Tufanye nini?

- Jifunze kuogelea, na jifunze huduma ya kwanza. VIWAWA au TYCS ya parokia yenu inaweza kumwalika mtaalamu wa Zimamoto siku moja.
- Mtu akizama, usimrukie. Atakukaba kwa hofu, mtazama wote. Piga kelele za msaada, mrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Piga 114.
- Ukipanda mtumbwi, vaa jaketi okozi. Ukiona umejaa kupita kiasi, shuka, hata kama watakucheka.

Maswali ya jumuiya

a) Ni wema gani tunaupenda kwa maneno lakini hatujajiandaa kuutenda?
b) Katika kundi letu, nani ameachiwa kubeba upande wa mwenzake?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyemshika Petro mkono alipoanza kuzama, utupe moyo unaoitika, akili inayojifunza na mikono iliyo tayari. Uwapumzishe kwa amani wote waliopotea ziwani, na uwalinde wanaokwenda kuwatafuta wengine. Amina.