Laptopu ya Uvunguni Ipewe Kazi

Peleka laptopu kuukuu kwenye meza ya fundi pale Kariakoo, na swali la kwanza litakuwa lile lile: "Dada, unauza au unatengeneza?" Ukijibu unatengeneza, unatajiwa gharama ambayo ukiijazia kidogo unapata nyingine ya mtumba iliyoshuka kutoka Dubai. Ukijibu unauza, unatajiwa bei ya kutupwa. Basi wengi wetu hubeba mzigo wetu tukarudi nao nyumbani, ukaishia uvunguni pamoja na feni iliyovunjika shingo na viatu vya shule vya mwaka juzi.

Mimi siku hizi nina jibu la tatu: naipa kazi. Kazi moja tu. Laptopu ya mwaka 2012 haiwezi tena kufungua kurasa kumi za intaneti, ikaonyesha filamu na kubeba mkutano wa video kwa wakati mmoja, na kuidai hivyo ni kuionea. Lakini ina nguvu za kutosha kuwa darasa la mtoto, au daftari la duka, au jukwaa la filamu za nyumbani. Nchi nzima ilishaona jambo hili likifanyika: vishikwambi walivyobeba makarani wa Sensa ya Agosti 2022 havikufungiwa ghalani baada ya kuhesabu watu, vilikabidhiwa walimu. Kazi ya kwanza ilikwisha, vikapewa ya pili.

Suala hili lina haraka kwa sababu moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ukapangwa uishie Oktoba 2026. Windows 11 nayo inachagua: inataka prosesa za karibuni, kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo mashine nyingi zinazowaka vizuri kabisa zitaambiwa zimezeeka, na zitamwagika sokoni kwa bei ya chini. Kabla hujaiuza yako, ikague.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji utaalamu. Anza na betri. Weka laptopu juu ya meza tambarare: kama inayumba, au kibodi imefura katikati, au sehemu ya kuchezeshea kidole imenyanyuka, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, na usithubutu kuitoboa wala kuikandamiza ili mfuniko ufunge. Mpelekee fundi aitoe. Laptopu nyingi zinafanya kazi bila betri kwa umeme wa ukutani, ingawa umeme ukikatika nazo huzimika hapo hapo. Hili la betri nalisisitiza kwa sababu tunaishi ghorofa juu ya ghorofa, stoo za nguo chini na watoto juu, na moto wa chumba kimoja ni moto wa jengo zima.

Kisha sikiliza feni. Vumbi la Kariakoo na unyevu wa hewa ya Dar es Salaam hujenga blanketi ndani ya matundu ya kupoozea, mashine ikapata joto, na ikishapata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu nyingi tunazoziita "nzito" zinahitaji kufunguliwa, kupulizwa vumbi na kubadilishiwa ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayejua. Ukirudi nyumbani, usiitumie juu ya godoro. Godoro linaziba matundu yale yale uliyolipia yazibuliwe.

Cha tatu ni diski. Kama yako ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, hapo ndipo penye uzito wote. Kuibadilisha ukaweka SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ndiyo matengenezo pekee ninayokushauri ulipie bila kusita: mashine iliyokuwa ikiwaka huku unachemsha chai na kuinywa itawaka kabla hujawasha jiko. Laptopu nyingi za kabla ya 2018 zinapokea SSD ya inchi 2.5, nayo imejaa madukani Kariakoo. Uliza bei maduka matatu. Kama unaongeza na RAM, mwambie fundi afungue mbele yako aone iliyomo ni DDR3 au DDR4, maana hazikai sehemu moja na ukinunua isiyo yake utaanza kubishana na muuzaji.

Na jambo hili lishike sana: diski ya zamani ikitolewa, ni mali yako. Idai. Ina picha zako, nakala ya kitambulisho cha NIDA, vyeti na mikataba. Mimi niliwahi kuuza laptopu iliyokufa kwa mpita njia wa vyuma chakavu bila kukumbuka diski, na humo ndani ndimo zilimokuwa picha za harusi ya mdogo wangu. Sikuzipata tena. Diski ikiwa bado nzima, inunulie kasha la USB, ichomeke kama flashi kubwa, na hapo tayari umepata kabati la picha za ukoo.

Baada ya ukaguzi inakuja programu. Kama mashine yako Windows 11 imeikataa, weka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Najua neno hili linawatisha watu, lakini Dar es Salaam si ugenini kwake: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikisha wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Leo aina inayomfaa anayeanza ni Linux Mint, hasa toleo lake jepesi la Xfce. Ni bure. Inahitaji RAM ya gigabaiti 2 angalau, na ukiwa na 4 utastarehe. Inakuja na LibreOffice kwa ajili ya barua na mahesabu, na Firefox kwa ajili ya intaneti.

Namna ya kuiweka ni hivi. Nakili kwanza kila kilicho chako kwenye diski nyingine. Pakua faili la Mint, ambalo ni karibu gigabaiti 3, mahali penye WiFi ya kazini au chuoni ili usimalize bando. Liandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama wimbo hakutoshi. Chomeka flashi, washa mashine huku ukibonya F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, uchague kuwakia kwenye flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu WiFi, spika, kamera na kibodi. Ukiona kila kitu kinaitika, ndipo uamuru ijisakinishe. Ukiona hakuna kinachoitika, chomoa flashi, hujaharibu kitu.

Sasa kazi. Ninayoipenda kuliko zote ni darasa la nyumbani lisilokula bando. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality mahsusi kwa mahali ambapo intaneti ni ghali au haipo, nayo unaweza kuitumia kwa Kiswahili. Unaibeba laptopu siku moja mahali penye WiFi, unapakua masomo unayoyataka, yakiwemo mafunzo ya hisabati ya Khan Academy yaliyotafsiriwa, kisha unarudi nayo nyumbani. Chagua somo kwa somo, kwa sababu video ni nzito na ukichukua kila kitu diski itajaa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba laptopu ile ile inaweza kuwagawia wengine: ukiwasha hotspoti yake, watoto wa vyumba vitatu wanafungua masomo kwenye simu zao bila hata senti ya bando. Ghorofa yenye familia sita inahitaji mashine moja tu ya namna hiyo.

Ongeza hapo Kiwix, programu inayobeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya diski, na mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita ambayo shirika la TETEA limeikusanya kwenye tovuti yake ya Maktaba. Kwa wadogo, shirika la Ubongo, lililozaliwa hapa hapa Dar es Salaam na kututengenezea kipindi cha Akili na Mimi, lina video nyingi. Intaneti ikipatikana siku mojamoja, vitabu vya kiada vinasomwa kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kuhusu umeme, usiogope. Laptopu ya aina hii inakula kama wati 30. Ikiwaka saa kumi, imetumia sehemu tatu ya kumi ya uniti moja ya LUKU. Kompyuta ya mezani na kioo chake ingekula mara kadhaa zaidi, na isingekuwa na betri ya kukuvusha TANESCO wakikata.

Mwenye duka anaweza kuipa kazi ya daftari. Jedwali la LibreOffice lenye safu tano, yaani tarehe, bidhaa, iliyoingia, iliyotoka na anayedaiwa, linatosha kumwonyesha muuza vitenge ni doti zipi zinalala. Mashine ya EFD inabaki pale pale na kazi yake. Hili ni la kwako. Mashine ya mahesabu isiunganishwe na intaneti, na kila Jumamosi nakili faili kwenye flashi inayolala nyumbani, si dukani.

Kioo kikipasuka, usikimbilie kununua kingine, maana mara nyingi ndicho kipuri kinachokula pesa nyingi. Unganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI, weka kibodi na mausi vya USB, na imekuwa mashine ya sebuleni ya filamu na masomo.

Nije kwenye Kindle na wenzake, vile vifaa vya kusomea vitabu ambavyo ndugu zetu wa Uingereza, Marekani na Muscat hutuletea zawadi, vikatumika mwezi mmoja vikasahaulika. Kwangu hivi ndivyo vinavyoumiza moyo zaidi kuviona uvunguni, kwa sababu havizeeki upesi. Kioo chake hakimuliki macho kama cha simu, juani kinasomeka kama karatasi, na umeme mwingi hutumika ukurasa unapogeuka tu, hivyo chaji ikidumu wiki mbili au tatu si ajabu ukizima WiFi. Kenya jirani zetu walivichukulia kwa uzito: shirika la Worldreader na Huduma ya Maktaba ya Taifa walianza navyo kwenye maktaba nane za magharibi mwa nchi, kisha wakavisambaza nchi nzima.

Kindle uliyopewa huenda bado imeandikishwa kwa jina la aliyekupa. Mwombe aiondoe kwenye akaunti yake, nawe uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Tangu Februari 2025 Amazon wamefunga njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwao ukavihamisha kwa waya, lakini mafaili yako mwenyewe bado yanapita kwa waya wa USB. Weka programu ya bure ya Calibre kwenye ile laptopu yako iliyofufuka. Itageuza kitabu cha EPUB kuwa AZW3 ambayo Kindle inaisoma. Kobo, kifaa kingine cha aina hiyo, inasoma EPUB moja kwa moja. PDF ya ukurasa mkubwa itakutesa kwenye kioo cha inchi 6, herufi zikawa kama sisimizi. Kama ina maandishi halisi, igeuze kwa Calibre. Kama ni picha zilizopigwa kwa skana, laza ukurasa upande uisome nusu nusu.

Cha kupakia kipo. African Storybook wana hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, bure na kwa ruhusa. Vitabu vya waandishi wetu vinunue. Hizo PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zimemnyima mtu riziki yake.

Mama yangu ana miaka sabini na mbili na alikuwa ameacha kusoma kwa sababu ya macho. Nilimpa Kindle ya zamani, nikakuza herufi mpaka mistari saba ikajaza ukurasa. Sasa baada ya alasiri hukaa barazani nayo, miwani mfukoni. Kifaa hakipigi kelele, hakiingii WhatsApp, na wajukuu hawakigombanii kwa sababu hakina michezo. Kutokuwa na rangi, ambako ndiko kulikofanya kitupwe, ndiko kulikomfanya yeye akipate peke yake.

Iliyokufa kabisa nayo ina mwisho wake. Toa diski, RAM na chaja. Chaja za volti 19 bado zinatafutwa, ila mnunuzi alinganishe volti na umbo la ncha kabla ya kuchomeka. Kama unauza na diski, kufuta mafaili hakutoshi, maana yanarudishwa kirahisi; diski yote iandikwe upya kwa programu ya kusafishia, au iharibiwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na mwenye duka au zahanati aliyehifadhi majina ya wateja anapaswa kulizingatia hili kuliko mtu wa nyumbani.

Mabaki yasichomwe ili kupata shaba. Moshi wa nyaya na bodi una risasi na sumu nyingine, na wanaouvuta ni vijana wanaookota. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na Afrika ilikusanya kwa utaratibu rasmi chini ya asilimia moja ya zake. Kwetu wanaoruhusiwa kuzipokea ni wale wenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Omba uonyeshwe kibali. Betri iliyovimba ibebe peke yake ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa utepe, na usipande nayo basi la mwendokasi saa ya msongamano.